Jina la Mchotaji

Gakindu, Mukurweini
2 Oktoba 1977

Mama yangu Wamucii,

Sisi hapa tuko, ukiondoa magoti yangu ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Ngendo, mama yako mzazi, anakusalimu na anauliza kama kweli unalala ndani ya meli au ulikuwa unatutania. Nimewaambia watu sokoni kwamba binti ya Simeon Theuri anafanya kazi juu ya ziwa, anachota maji na tope la chini kwa ajili ya utafiti. Mzee Wamae akaniuliza mbele za watu, "Tope? Ulisomesha msichana mpaka chuo ili aende kuchota tope?" Nikamwambia ni tope ya kisayansi. Watu wakacheka. Nitumie jibu zuri la kumfunga mdomo.

Kahawa mwaka huu ni nyingi ajabu. Mashine inamenya tangu asubuhi mpaka jioni na bado magunia yanangoja nje. Unajua hiyo mashine niko nayo miaka kumi na tisa. Ikikohoa tu, mimi najua ni msumari gani umelegea. Lakini sasa kuna maneno. Mwalimu Tryphosa, yule yule aliyekufundisha darasa la sita, amemwandikia D.O., mkuu wa tarafa, barua ati maji ya kiwanda yanaharibu mto Kaharo, ati watoto wa shule kule chini wanajikuna ngozi na kuendesha matumbo. Bwana Kingori, mwenyekiti wa chama cha kahawa, ameniita ofisini. Akaniambia, "Theuri, anayetajwa hapa si mimi. Ni wewe mwenye mashine."

Nimekasirika mpaka chai hainishuki. Mtu ametoka mkoa wa Magharibi, tumempa nyumba, tumempa watoto wetu awafundishe, leo anatuita wachafu!

Wewe unapima maji. Nikikutumia chupa moja ya Kaharo, unaweza kuipima na kuniandikia karatasi? D.O. anakuja kufanya baraza mwezi ujao. Nataka siku hiyo jina langu liwe safi.

Baba yako,
Simeon Theuri


Kisumu, ndani ya meli Kamongo
9 Oktoba 1977

Baba mpendwa,

Bwana Kioko, mkubwa wetu wa maabara, aliona barua yako mezani imeanza na "Mama yangu" akadhani nimechukua barua ya mtu mwingine. Nikamweleza kwamba kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na tangu siku hiyo baba humwita mama. Akacheka, akasema basi mtu yeyote humu asiniite msichana, maana mimi ndiye nyanya yao.

Mwambie Mzee Wamae hivi: maji hupita, tope hubaki. Ukitaka kujua ziwa limekula nini miaka kumi iliyopita, usiyaulize maji, uliza tope. Tuna chombo cha chuma chenye meno, tunakiita makucha. Kinateremshwa kwa waya mpaka chini, kinauma, kinarudi na tope mdomoni. Hiyo ndiyo kazi, siku ikifanyika. Baba, wiki tatu tumetoka bandarini siku nne tu. Kwanza hakukuwa na dizeli. Dizeli ilipopatikana, winchi ya kuvutia waya ikagoma. Na nahodha Wandera hataki nisimame karibu na winchi, eti mwanamke akisimama pale makucha hurudi tupu. Kwa hiyo mimi na diploma yangu nakaa ndani naandika lebo za chupa: mahali, kina, tarehe, saa, jina la mchotaji. Mchotaji si mimi kamwe. Bwana Kioko husema chupa isiyo na jina la mchotaji haina mwenyewe, mwaga. Naandika majina ya wanaume mchana kutwa. Nimechoka, Baba, nimechoka kabisa.

Kuhusu mto, chota chini ya kiwanda, mashine ikiwa inafanya kazi. Toa chupa kwa karani wa basi la Kisumu. Nitaipima nikipata nafasi, ingawa si ruhusa sana kupima vya nyumbani. Na tafadhali usimtukane Mwalimu Tryphosa. Kitabu cha sayansi nilichosomea mtihani kilikuwa chake.

Binti yako,
Wamucii


Gakindu
16 Oktoba 1977

Mama yangu,

Chupa ndiyo hiyo. Nimeifunga na gazeti na nguo ya zamani ili isivunjike. Nimeichota mwenyewe, mashine ikiwa inanguruma, kama ulivyosema. Nimeitengeneza vizuri, usiwe na wasiwasi.

Jibu lako la tope nimempa Wamae. Akasema hata kaburi hubaki. Huyo mzee hashindwi.

Fanya haraka. Kingori ananiuliza kila siku.

Baba yako,
S. Theuri


Kisumu
27 Oktoba 1977

Baba,

Nimepima mara mbili. Hakuna maganda ya kahawa, hakuna vijidudu, hakuna harufu. Nimeshangaa, kwa sababu hata maji tunayokunywa hapa melini si safi hivyo. Lakini kipimo ni kipimo. Nimekuandikia karatasi, iko ndani ya bahasha hii. Nimetumia karatasi yenye kichwa cha maabara kwa sababu hakukuwa na nyingine. Usiionyeshe watu wengi.

Labda Mwalimu amekosea, labda ugonjwa wa watoto unatoka kwa choo cha shule. Mwelezeni kwa upole.

Winchi bado. Fundi alikuja, akaitazama, akaenda zake kula chakula cha mchana, na hiyo ilikuwa Jumatatu.

Wamucii


Gakindu
6 Novemba 1977

Mama yangu mzuri,

Tumewapiga! Baraza lilikuwa jana. Kingori alisimama mbele ya D.O. akaisoma karatasi yako yote, mpaka sahihi. Akaipandisha juu watu waone kile kichwa cha maabara. Mwalimu Tryphosa alisema anaomba kuuliza swali, lakini wazee walipiga kelele akakaa. Baadaye kamati ya shule imeandika ahamishwe mwisho wa mwaka, kwa sababu ya kuchochea watu. Ngendo amesema tumefanya ukali. Nimemwambia aliyeanza si sisi.

Nilitembea kutoka sokoni watu wakinisalimu kwa mkono. Kingori mwenyewe alininunulia soda.

Lakini wewe kushangaa maji yangu kuwa safi, hapo umenichekesha. Ulifikiri babako hana adabu? Wewe ni mama yangu. Nitamtumia mama yangu maji chafu? Niliingia jikoni mimi mwenyewe, jambo ambalo Ngendo atalisimulia mpaka mwisho wa dunia. Nilichemsha yale maji mara mbili kama bwana afya alivyotufundisha wakati wa kipindupindu, nikayachuja kwa kile kitambaa cheupe cha kuchujia uji, nikaosha chupa kwa sabuni na majivu. Hata mfalme angekunywa.

Ubarikiwe sana,
Baba yako


Kisumu
12 Novemba 1977

Baba,

Ngai, Mungu wangu! Nimesoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Baba, ulichemsha! Ukichemsha na kuchuja hayo si maji ya Kaharo tena, ni maji ya jikoni kwa Ngendo. Karatasi yangu haisemi mto ni safi. Inasema sufuria yenu ni safi. Na kosa ni langu kwanza. Sikukuambia uchote na kuziba papo hapo, usioshe kwa sabuni, usichuje, usiguse. Mimi nashinda hapa nikiandika lebo, na chupa yako haikuwa na lebo hata moja, na bado niliipima. Nilitaka kukufurahisha.

Sasa mtu anafukuzwa kwa karatasi yangu. Mwalimu Tryphosa, Baba! Na watoto bado wanakunywa yale maji.

Nakuomba uende kwa D.O. useme tu ulichofanya. Hukudanganya, ulikosea kwa heshima. Kila mtu Gakindu ataelewa, maana kila mtu angefanya hivyo hivyo.

Wamucii


Gakindu
20 Novemba 1977

Wamucii,

Barua yako nimeipata. Unataka nisimame mbele ya watu niseme nilipika maji. Mimi, mzee wa kanisa. Unajua watu wa hapa. Kuanzia siku hiyo sitaitwa Theuri tena, nitaitwa Sufuria mpaka kaburini, na watoto wangu watakuwa watoto wa Sufuria.

Maji yakimwagika hayazoleki. Karatasi imesomwa. Mwalimu ni mtu wa serikali, atapata shule nyingine. Mimi nitapata mashine nyingine wapi na magoti haya? Tena usisahau ni kahawa hiyo hiyo iliyokusomesha. Kila ukurasa uliosoma ulipita kwenye mashine yangu.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

S. Theuri


Kisumu
27 Novemba 1977

Baba,

Naandika juu ya jambo hili hili.

Nimemwambia Bwana Kioko kila kitu. Nilitamani anipige. Kisha akasema, "Karatasi ya maabara yangu, chupa bila jina la mchotaji." Nimepewa onyo kwa maandishi. Nikikosea tena, nitafutwa kazi. Nimestahili, sibishani. Yeye mwenyewe amemwandikia D.O. kwamba karatasi ile isitumike, na ameomba watu wa maji kutoka mjini Nyeri waje kuchota kwa utaratibu unaofaa. Watakuja kati ya tarehe tano na kumi Desemba.

Unasema maji hayazoleki. Ni kweli. Lakini naijua kahawa iliyonisomesha, na najua ilinisomesha nini. Ilinisomesha kupima maji. Ungetaka nisome halafu nisione?

Kazi yako wewe ni moja tu: siku watakapokuja, mashine iwe inafanya kazi kama kawaida. Sikuombi useme neno. Acha mto useme.

Binti yako bado,
Wamucii


Gakindu
11 Desemba 1977

Wamucii,

Walikuja Alhamisi, vijana wawili na sanduku la chupa. Maji yalikuwa safi. Wamechota, wameondoka. Basi yameisha.

Kama unataka kujua, nitakuambia, maana sitaki usikie kwa wengine. Jumatatu asubuhi Kingori alikuja kiwandani. Sijui nani alimpa habari. Akasema mashine izimwe mpaka Ijumaa, kahawa ingoje. Ikalala kwenye magunia siku nne, ikaanza kuoza, na wenyewe wakanitukana mimi. Na Jumanne na Jumatano ilinyesha mvua kubwa. Kufika Alhamisi ungeweza kuhesabu mawe ndani ya Kaharo.

Mimi ndiye niliyezima. Niliambiwa nizime nikazima. Ungenitaka nifanye nini?

Ngendo hajanisemesha tangu siku hiyo, isipokuwa kusema chakula kiko tayari.

Theuri


Kisumu
19 Desemba 1977

Baba,

Leo tuliingia ziwani kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Makucha yalirudi tupu mara sita. Mimi nilikuwa ndani, mlango umefungwa. Nikatoka nikamuuliza nahodha Wandera, leo mkosi umeletwa na nani? Akaiwasha winchi kwa mara ya saba. Winchi ikafa kabisa. Nikashika waya nikavuta kwa mikono pamoja na mabaharia wawili, na makucha yakaja yamejaa mpaka yanamwagika. Viganja vyangu vimechubuka, ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Lebo ya leo ina jina langu. Nilidhani nitafurahi. Nikakumbuka barua yako, nikalia mbele ya wanaume wote, na nahodha akadhani ni mikono.

Unauliza ungefanya nini. Mimi sijui, Baba. Najua tu kwamba wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine ikikohoa mtu haweki pamba masikioni.

Mvua imesafisha maji. Haikusafisha tope. Miaka kumi na tisa iko pale chini ya bomba lako la kutolea maji ya kiwanda, na wewe unajua hivyo kuliko Kingori, kuliko Mwalimu, kuliko mimi.

Sitakuja Krismasi. Sina hasira ya kukukomoa. Sina uso tu wa kumwangalia Mwalimu akifunga mizigo.

Wamucii


Gakindu
22 Januari 1978

Mama yangu,

Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia. Kalamu nilishika mara nyingi, Ngendo ni shahidi.

Baada ya Krismasi nilienda kwa Mwalimu Tryphosa. Nilimkuta anafunga vitabu kwa kamba. Nilikuwa nimejitayarisha kusema maneno mengi, yote yakapotea. Nikamwambia, "Mwalimu, yale maji niliyachemsha." Alinitazama, nikadhani atanifukuza. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku, na mimi nikasimama pale kama mtoto aliyechelewa shule. Kisha akapangusa macho, akaniuliza kama binti yangu alinifundisha namna ya kuchota. Nikampa barua yako ya Novemba asome ile sehemu ya usioshe, usichuje, usiguse.

Jumanne iliyopita, mashine ikimenya kahawa ya mwisho, tuliteremka mtoni sisi wawili. Tope ya chini haikubali kuchotwa kwa chupa, kwa hiyo nilitengeneza makucha yangu, mkebe wa mafuta niliokata meno kwa msumeno, nikaufunga kwenye ufito mrefu. Nahodha wako angenicheka, lakini haukurudi tupu hata mara moja, na mwanamke alikuwa amesimama pale pale. Mwambie hivyo.

Ijumaa ulikuwa mkutano wa wanachama. Nikasimama. Nikasema nilichemsha maji, nikachuja, na Desemba nikazima mashine kwa kuambiwa. Wamae ndiye wa kwanza kuniita Sufuria, kama nilivyojua. Ukumbi mzima ulicheka. Lakini Gicheru, ambaye mtoto wake amelazwa hospitali ya Kerugoya kwa tumbo, hakucheka. Akasimama akauliza ni nani aliyeniambia nizime. Nikamtaja Kingori mbele yake mwenyewe. Hapo kicheko kikaisha.

Kingori amechukua funguo za kiwanda jana. Kijana mwingine ataendesha mashine. Niliisikia leo nikitoka kanisani, na tayari anaiendesha vibaya. Imeniuma, sitakuficha, imeniuma sana. D.O. naye amesema barua ya kumhamisha Mwalimu ikae mezani kwake mpaka majibu ya kweli yatoke. Kwa hiyo sasa kazi ni yako na ya Bwana Kioko. Mwambie safari hii lebo ziko.

Chupa ya kwanza ni maji ya juu ya kiwanda, penye mawe ya kufulia. Chupa ya pili ni maji ya chini ya bomba, saa nne asubuhi, mashine inaenda. Yananuka, ifungulie nje. Mkebe wa tatu ni tope ya kivuko cha shule, kina cha goti la Mwalimu. Mkebe wa nne ni tope ya chini ya bomba lenyewe, kina cha kiuno changu. Nilichimba mpaka nikapata maganda meusi ambayo si ya mwaka huu wala mwaka jana. Pengine ni ya mwaka ule ulipoingia darasa la kwanza. Ulisema kweli, yako pale yote.

Kwenye kila moja nimeandika kwa wino usiofutika: Mchotaji, Simeon Theuri, fundi wa mashine.

Sikuchemsha. Sikuchuja. Nisamehe, mama, kwa kukutumia maji chafu.

Theuri